Dirisha Lililoliwa na Kutu

Mmeniuliza wote, na wengine wenu mmerudia: "Ulipanda lile ghorofa refu?" Sikupanda. Nililiona kwenye kioo cha pembeni cha gari la Mjomba, likiwa nyuma yetu, kwa sababu kila siku sisi tulikuwa tunaelekea kusiko. Nilichokiona mimi Dubai ni magiaboksi, makontena, mbuzi asiyekamatika, na picha moja ndogo kuliko daftari la hesabu. Kusimulia mbele ya watu mnajua siwezi, nikianza tu masikio yanawaka. Basi nimeandika. Someni, mpokezane, na mkimaliza msiniulize tena.

MOMBASA: KIFUNIKO NDANI YA LESO

Lazima nianze na mkebe, la sivyo hamtaelewa kwa nini nilitaka kulia mbele ya mlinzi.

Bibi Dija, mamake mama yangu, ana mkebe wa bati wa peremende za Kiajemi. Peremende zenyewe ziliisha kabla mama hajazaliwa. Siku hizi mna sindano, vifungo na majani ya chai ya wageni, kila kitu katika karatasi yake. Juu ya kifuniko pana picha. Mtu kapanda farasi wa rangi ya waridi mwenye madoadoa, kavaa kofia ya chuma, ameinua uso anatazama ngome. Kwenye ngome pana dirisha. Na katika bati lote lile, kutu ilichagua kuanza kula pale pale dirishani. Leo pamebaki doa la kahawia, huwezi kujua kama ndani mlikuwa na mtu au paka.

Waliowahi kuliona dirisha likiwa zima wamebaki wawili: Bibi Dija na mdogo wake, Bibi Zuhura. Bibi Dija anasema mlikuwa na msichana anayemnyooshea shujaa ua jekundu. Bibi Zuhura anasema ua liko wapi, msichana alikuwa anavuta pazia jekundu, anamfungia. Wamebishana hivyo tangu mimi sijajua kutembea, na ilikuwa mchezo. Bibi ana desturi, msichana wa kwetu akitiwa hina ya arusi, mkebe unaletwa, bi arusi anaonyeshwa shujaa na kusimuliwa habari ya lile ua. Na Bibi Zuhura kazi yake ilikuwa kukatiza, "Mwambie na la pazia," na wanawake wote wanacheka.

Sasa kwenye arusi ya binamu yangu, sijui Bibi aliamka vipi siku ile. Bibi Zuhura aliposema la pazia, Bibi akamjibu mbele ya watu:

"Wewe ulimfungia dirisha kila aliyekuja, ndiyo maana unaona mapazia kila mahali."

Kuna waliocheka, halafu wakaziba midomo. Bibi Zuhura hakuolewa. Aliinuka, akajitupia buibui juu ya hina mbichi ya mkononi, akatoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga mlango wetu, hata siku ya Idi, na nyumba yake na yetu zinatenganishwa na ukuta mmoja tu.

Ndipo Mjomba Salim, kaka yake mama anayefanya kazi Dubai, alipotuma picha kwa simu. Alikuwa amepita penye bango la maonyesho ya vitabu vya kale vya Kiajemi, vya hadithi za mashujaa na wapenzi wao, na kwenye bango alikuwa nani? Yule yule farasi wa waridi! Madoa yale yale! Lakini maandishi ya bango yalikuwa yamelala juu ya dirisha. Nilidhani Mjomba anatutania.

Mama alikuwa anakwenda Dubai kununua mabuibui ya kuuza dukani kwake, na shule zilikuwa zimefungwa. Bibi akasema, "Mchukue huyu. Hasemi, lakini ana macho." Akanikabidhi kifuniko kikiwa kimefungwa ndani ya leso, nikalinganishe. Bibi Zuhura alipopelekewa habari alijibu kwa simu maneno machache: "Aende. Akalitazame vizuri pazia."

Maonyesho yalikuwa yanafungwa Jumamosi na sisi tuliondoka Jumanne. Mtu mwenye akili angesema muda upo tele. Mtu huyo hajui habari ya amana. Mtu wa Mombasa akisikika tu kwamba anasafiri, mlango wake haufungwi. "Chukua hiki kidogo, mpe mwanangu." Kidogo chenyewe kilikuwa ndoo ya achari ya embe ya kwenda Ras Al Khor, papa mkavu mzima wa kwenda Jebel Ali, na mkeka mrefu kuliko mimi wa kwenda Hatta. Nguo zangu zilibaki nyumbani ili papa apate nafasi.

"Mama, si tuende kwenye maonyesho kwanza, halafu ndio tugawe?"

"Amana kwanza. Macho yako hayaozi. Papa anaoza."

"Papa mkavu haozi, Mama."

"Basi ananuka."

Hilo lilikuwa kweli.

RAS AL KHOR: INJINI INAYOSOMEWA

Jumatano Mjomba alitupakia garini asubuhi. "Tunapitisha achari tu, halafu maonyesho. Ni njiani." Nawaomba mlikumbuke hilo neno, njiani.

Ras Al Khor ni maduka ya vipuri hadi macho yanachoka: milango ya magari bila magari, mataa yaliyopangwa kama sahani, mafuta chini kila mahali. Mwenye achari, Bwana Athmani, mtu wa Malindi, alitoka chini ya injini, akafuta mikono, akamwamkua Mama, akafungua ndoo pale pale akalamba kidole. Akafumba macho kwa muda. Kisha akanitazama mimi kwa heshima ambayo sijawahi kutazamwa nayo.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye," Mjomba akasema.

"Mashallah. Salim kaniambia umekuja mbali kwa ajili ya vitabu vya kale. Mwanachuoni mdogo! Mwanangu, kuna injini hapa imenigandia dukani. Watu wanaiuliza bei, wanaiacha. Ina jicho la hasidi hii. Hebu isomee dua."

Nilimtazama Mjomba aseme kitu. Mjomba alikuwa anatazama mataa. Nilitaka kusema kwamba ni vitabu vya mapicha, vya farasi na madirisha, na mimi somo la dini nilipata alama za kati. Mafundi wawili wa Kipakistani waliacha kazi, wakavua kofia zao za jua. Na katika kuchanganyikiwa, dua pekee iliyonijia kichwani ilikuwa ya kabla ya kula. Nikaisomea injini. Nikaisoma yote.

"Amin," akasema Bwana Athmani, kwa hisia. "Sasa hamuondoki hivi hivi."

Tukaandaliwa wali na kuku ndani ya ofisi yenye kalenda ya tangazo la betri. Baada ya wali, chai. Baada ya chai akaja rafiki yake anayemjua babu yangu. Baada ya babu yangu ikawa magharibi.

"Kesho," Mjomba akasema.

JEBEL ALI: PAPA KATIKA BEHEWA LA WANAWAKE

Alhamisi Mjomba alikuwa kazini, kwa hiyo mimi na Mama tulichukua metro, laini nyekundu, pamoja na papa. Tulikuwa tumemfunga ndani ya mifuko, na mifuko ndani ya taulo, na taulo ndani ya begi. Haikusaidia kitu. Behewa la wanawake lilikuwa limejaa tulipoingia, na vituo viwili baadaye tulikuwa na nafasi ya kunyoosha miguu. Dada mmoja aliyevaa vizuri sana alitoa chupa ya manukato akapuliza hewani, akatazama dirishani kama si yeye. Mama alimshukuru kwa Kiarabu. Akaongeza, "Mashallah, harufu nzuri, pulizia na huku." Nilivuta mtandio ukafika puani, na si kwa sababu ya papa.

Mwenye papa ni Bakari, mtoto wa jirani yetu, analinda geti la maghala. Tulimkuta zamu haijaisha na hawezi kuacha geti. Yeye upande ule, sisi upande huu, katikati kizuizi cha chuma na malori yanayopiga honi.

"Shikamoo Mama! Nipeni papo hapo kwa juu!"

"Kwa juu? Kama nampa paka? Maliza kazi yako, tunakungoja."

Nilimvuta Mama buibui. "Mama, mpe tu, twende."

"Amana haitupwi juu ya chuma. Nilimwahidi mamake nitamtia mkononi, nimtazame uso, nirudi nimwambie amekonda au amenenepa."

Tukangoja. Kivuli chenyewe kilikuwa cha nguzo, chembamba, tukawa tunasogea nacho. Bakari alipotoka hatimaye alipokea lile begi kwa mikono miwili, akalifungua kidogo, akaingiza pua ndani. Mama naye akatazama pembeni, akanipa mimi chupa ya maji nishike. Hapo, nasema kweli, hasira zilinipungua kidogo.

Zikarudi alipotupeleka mkahawani, akatuagizia chapati za parota na maharagwe na chai ya maziwa, na Mama akaanza kumweleza nani kaolewa na nani kaachika Mombasa nzima, mtaa kwa mtaa. Tuliporudi Deira, mtaa anaokaa Mjomba, jumba la maonyesho lilikuwa limefungwa.

"Amekonda," Mama aliniambia kitandani. "Nitamwambia mamake amenenepa."

HATTA: MBUZI ALIYEKUWA TAYARI

Ijumaa Mjomba hana kazi. Nilidhani ndiyo siku yenyewe. Nikavaa mapema, nikakaa mlangoni na kifuniko changu mapajani.

"Tunapeleka mkeka Hatta mara moja," Mjomba akasema, "jioni tunarudi kwenye maonyesho. Ni njiani."

Hatta iko milimani, karibu na mpaka wa Omani. Njiani kwenda wapi? Omani?

Mwenye mkeka ni Bi Salma, wa familia ya Kizanzibari iliyoishi huko miaka mingi, Kiswahili chake kitamu kama redio ya zamani. Ana shamba la mitende na mbuzi, nyuma yake milima mikavu imesimama kama imekasirika. Aliutandika mkeka ukumbini, akaukalia, akaupapasa.

"Karibuni wanangu. Leo hamuondoki hamjala. Mbuzi yu tayari."

Nikajiambia, haya, kama yuko tayari tule upesi. Kumbe kwa Bi Salma mbuzi kuwa tayari maana yake ameshachaguliwa. Kuchinjwa alikuwa hajachinjwa. Hata kukamatwa alikuwa hajakamatwa. Alikuwa juu ya jiwe, anatafuna, anatutazama. Mjomba alivua viatu. Mama alishika upande wa bwawa la maji ya kumwagilia. Mimi nikaambiwa nisimame penye uwazi nitanue mikono, na mbuzi akanipitia chini ya mkono kama mtu anayeingia kwao.

"Huyu mtoto mbona hasemi?" Bi Salma akauliza kutoka mkekani. "Hata 'shika' hasemi. Kameza ulimi?"

"Ana haya," Mama akasema.

"Haya hazikamati mbuzi."

Bi Salma alinikuta baadaye nimekaa nyuma ya jiko, moshi umekuwa kisingizio kizuri cha macho. "Una nini, mwanangu? Niambie." Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema: kuna bibi wawili ambao hawasemezani, na dirisha linafungwa kesho. Angeelewa, ni mtu wa kuelewa.

Nikasema, "Sina kitu."

Tulikula mbuzi jua likiwa limeshaingia nyuma ya mlima. Alikuwa mtamu, hilo nalo liliniudhi.

JUMAMOSI: KITABU KIMEFUNULIWA PENGINE

Jumamosi asubuhi simu ikalia. Bwana Athmani! Injini imeuzwa. Imeuzwa, na yeye yuko njiani na sinia la biriani la mwanachuoni mdogo, tusitoke. Tukamngoja. Akachelewa kwa msongamano wa magari. Akafika, akataka nisomee na gari lake. Nikalisomea ile ile ya chakula, haraka haraka.

Mchana ulikuwa unaisha Mama aliponishusha mlangoni. Yeye alikuwa na mabuibui yake ya kuchukua. "Ingia, tazama, nitakukuta hapa hapa."

Ndani kulikuwa baridi na giza kidogo, taa zimeelekezwa kwenye masanduku ya kioo peke yake. Na hapa lazima niwe mkweli: kwa muda nilisahau hasira zangu. Nilidhani vitabu vya kale ni vya kijivu. Vile vilikuwa vinawaka. Shujaa anapasua joka na damu yake ni ya dhahabu. Farasi wa buluu. Mawingu yamekunjwa kama vitambaa. Mpenzi amezimia kwenye maua kwa sababu tu ameonyeshwa picha ya mtu asiyemjua, na wenzake wanampepea, hawashangai. Nyuso zote ni za mviringo, midomo kama punje ya komamanga, vijana wa kiume na wa kike wamefanana kabisa, na hilo nililiona lakini sikulifikiria.

Nikafika sanduku la mwisho. Ukutani bango, farasi wa waridi. Chini ya bango kitabu. Na kitabu kilikuwa kimefunuliwa kwenye ukurasa wa watu wanaokula matunda juu ya zulia.

Nikazunguka sanduku. Nikachungulia kutoka upande wa pili, sijui nilitegemea nini. Matunda.

Mlinzi akanisogelea. "Nyabo, usiegemee kioo." Mganda, na nyabo kwao ni bibie; Kiswahili chake kilinipa nguvu kidogo. Kifuani pameandikwa Moses.

"Kaka, samahani. Huyu farasi yuko wapi?"

"Ah, huyo! Alikuwa hapa hapa mwezi mzima. Wamemgeuza Alhamisi. Wanasema taa inakula rangi, hawaachi ukurasa mmoja ukae muda mrefu."

Alhamisi. Alhamisi mimi nilikuwa nasogea na kivuli cha nguzo Jebel Ali.

"Basi wewe umemwona. Dirishani alikuwa nani? Ana ua au anavuta pazia?"

Moses alifikiri kweli kweli. Akasimama sehemu yake, akaangalia mlango, akaangalia sanduku. "Nyabo, nisikudanganye. Mimi nasimama hivi. Naangalia watu. Mgongo ndio ulikuwa kwake." Halafu akaona uso wangu, akaogopa. "Usilie hapa, tafadhali, kuna kamera. Uliza madam. Yule pale. Ndiye anayeshika vitabu. Lakini leo ndiyo mwisho, sijui."

Madam alikuwa mwanamke wa Kiajemi, nywele nyeupe, miwani imening'inia kifuani, anazungumza na watu wawili waliovaa suti. Nilisimama nyuma yake. Nikakohoa, hakusikia. Wale wa suti wakaagana naye, akaanza kuondoka, na mimi nikauona mgongo wake unakwenda kama nilivyokuwa nimekiona kila kitu kinakwenda wiki nzima.

"Madam!"

Ilitoka kubwa mno. Watu wakageuka. Moses akatazama kamera.

Sikuwa na cha kufanya ila kufungua leso. Nikamwonyesha kifuniko, nikaanza kwa Kiingereza cha kutetemeka: bibi zangu, dirisha, kutu, ua, pazia. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu nisiyemjua. Yeye alichukua kifuniko, akavaa miwani, akacheka hadi akajishika kifua.

"Mkebe huu! Kwetu nyumbani ulikuwepo. Kila mtoto alidhani mna peremende. Kumbe..."

"Sindano," nikasema.

"Sindano," akasema.

Lakini kugeuza ukurasa alikataa. Kazi ina taratibu zake, sanduku halifunguliwi mbele ya wageni. Nilikuwa nimeshaanza kukunja leso aliponiambia kwamba kesho asubuhi kitabu kinatolewa ili kirudishwe kwa mwenyewe, na kabla hakijafungwa lazima wakipekue ukurasa kwa ukurasa, kila picha itazamwe kama rangi imebanduka. Nikiweza kuja, nisimame mbali, nisiguse, nisipige picha, nisipige hata chafya.

Mama alikuwa nje na mifuko. "Umeona?"

"Kesho asubuhi narudi hapa. Kwanza. Kabla ya kitu chochote, kabla ya mtu yeyote. Na njiani hatupiti popote."

Mama alinitazama kama amekabidhiwa mtoto wa watu. "Haya," akasema.

JUMAPILI: UKURASA KWA UKURASA

Ndege yetu ilikuwa jioni. Asubuhi Moses alinifungulia mlango wa pembeni, akaninong'oneza, "Leo mgongo wangu utakuwa upande mwingine."

Kitabu kilikuwa kimelazwa juu ya mto. Madam alikuwa akiinua ukurasa polepole kwa vidole viwili, mwenzake anaandika, na mimi nimefunga mdomo kwa mtandio ili nisipumue dhahabu ya watu. Karamu ikapita. Uwindaji ukapita. Chozi la mtu, vita, bustani. Kila alipoinua ukurasa nilinyoosha shingo, na kila ulipolala kilikuwa kitu kingine.

Halafu waridi.

Dirisha lilikuwa dogo kama ukucha, zima, halina hata alama. Ndani mlikuwa na mtu. Na ndiyo, mkononi mwake mlikuwa na kitu chekundu. Nilisogea mpaka Madam akainua kidole.

Halikuwa ua. Halikuwa pazia. Kilikuwa kitambaa kirefu kinachoteremka ukutani.

"Kilemba chake," Madam akasema taratibu. "Amekikunjua kiwe kamba."

"Kilemba cha msichana?"

"Msichana yupi? Huyo ni mwana wa mfalme. Amefungwa ngomeni, angalia pingu." Akashusha kidole hewani, juu ya farasi. "Msichana ni huyu."

Nikamtazama shujaa wa Bibi. Kofia ya chuma, upinde, buti. Na chini ya kofia, zikilala mgongoni juu ya deraya, nywele za misuko miwili. Kwenye kifuniko chetu ilikuwepo pia, nilikuja kuiona baadaye. Tuliidhani mikanda ya podo la mishale. Binti wa mfalme wa upande wa pili, Madam akasema, amepita jangwa zima peke yake kuja kumtoa.

"Anafanikiwa?" nikauliza.

"Anafanikiwa. Lakini anachelewa sana. Njiani kila mtu anamzuia."

Nilitamani kumpa pole.

NYUMBANI: HUKUMU

Bibi Zuhura alikuja. Alikuja kusikia hukumu, si kutembea. Alisema hivyo mlangoni. Akakaa kiti cha karibu na mlango, hakuvua buibui, na kikombe cha chai alichowekewa akakiacha, kwa maana kwenye nyumba uliyogombana nayo hunywi. Bibi Dija akakaa upande wa pili, shingo imenyooka. Kifuniko katikati, juu ya leso yake.

"Sema," Bibi akasema. "Ua."

"Pazia," akasema Bibi Zuhura.

Nikasema. Masikio yaliwaka lakini nilisema yote: kilemba, pingu, misuko, jangwa. Nilimaliza. Nilisikia kijiko kikitulia ndani ya kikombe cha Bibi Dija.

Bibi Dija akamgeukia mdogo wake. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwanamume. Kakaa dirishani. Anangoja kuja kutolewa."

"Na kilemba kakivua," Bibi Zuhura akasema. "Kichwa wazi!"

"Kilemba kizuri kile, akifanye kamba."

"Dada, mtoto alikuwa amechoka. Yale majoto."

"Na kutwa nzima alikuwa na papa. Harufu inapanda kichwani."

"Picha iko wapi?" wakaniuliza kwa pamoja.

"Haikuruhusiwa kupiga."

Wakatazamana. "Unaona," Bibi akasema. Na Bibi Zuhura akaanza kucheka, kicheko cha kubanwa puani kwanza, kisha kikatoka chote, na Bibi Dija naye, mabega yanatikisika, wakishikana mikono juu ya kifuniko, wananicheka mimi! Mimi niliyesomea injini! Mimi niliyekimbizana na mbuzi! Bibi Zuhura alifuta machozi, na katika kufuta machozi akanyoosha mkono, akachukua kikombe, akanywa.

Mama alinikanyaga mguu nisiseme neno.

Bibi Zuhura alikula mchana, akala usiku, akalala kwetu. Asubuhi nilipopita na ndoo ya maji mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa umeegeshwa. Walikuwa wamekaa kitandani, vichwa vimegusana, wamekiinamisha kifuniko kwenye mwanga wa dirisha. Bibi Dija alikuwa anakipangusa kwa ncha ya leso, taratibu, pale mgongoni kwa mpanda farasi.

"Misuko," Bibi Zuhura akasema. "Wallahi, dada, ni misuko."

"Nyamaza," akasema Bibi. "Mtoto atasikia."